Nilimfundisha mama yangu neno moja tu la Kiingereza, "get", akagombea mume na mjukuu wake

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mie ni msomaji wa zamani hapa, huchangia mara moja moja nikiona watu wamepotoka sana. Leo naleta la kwangu. Limetokea nyumbani kwetu Vitongoji, Pemba, mbele ya macho yangu. Majina nimebadilisha, kwa sababu mama yangu ana mashoga wenye simu kubwa. Mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Kwanza mnijue, ili msije kuniuliza Kiingereza nimekitoa wapi.

Nimetoka Pemba na begi la mgongoni, nikaenda Muscat kuosha vyombo kwenye hoteli. Nikapanda, nikawa mhudumu, nikawa mtu wa mapokezi, nikawa msimamizi wa mapokezi. Diploma yangu ya hoteli nimeisoma huku nafanya kazi, nikitoka zamu naingia darasani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sasa nimerudi, nina nyumba yangu ya wageni Chake Chake, vyumba vina maji ya moto, na wazungu wakija huwa wananiuliza nimesoma nchi gani.

Nasema haya si kwa kujisifu. Ni utangulizi tu.

Nina mdogo wangu wa kike, nitamwita Zuwena. Yuko Uingereza, ameolewa na mtu wa hukohuko, na nyumbani kwao kinazungumzwa Kiingereza tupu. Wana binti mmoja, Ilham, ana miaka tisa. Mama yangu alikuwa hajawahi kumgusa. Alikuwa akimwona kwenye simu tu, wanapungiana mikono, mtandao unakatika, basi.

Mama alikuwa akisema: "Wajukuu wote nimewabeba mgongoni. Huyu mmoja nimembeba kwenye simu."

Sasa Zuwena akapata nafasi ya kusomea ukunga. Kozi ya miezi kadhaa, ndani yake zamu za usiku. Mumewe kazi yake ni ya safari, leo yupo kesho hayupo. Akanipigia.

"Kaka, nataka nimlete Ilham akae kwa Mama mpaka nimalize. Ila simlazimishi. Nitakaa naye wiki mbili hapo. Akikubali, namwacha. Akikataa, narudi naye, na kozi basi."

Nikampelekea Mama habari. Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Aliuacha ukadondoka chini.

"Ntoto anakuja?" (Sisi Wapemba mtoto ni ntoto, msiandike hapa kwamba nimekosea.)

"Anakuja, Mama. Ila lazima akubali mwenyewe kubaki."

Akauokota ukili wake. Halafu akasema, "Sasa mie na yeye tutasemezana na nini?"

"Mie nipo Mama, nitatafsiri."

Wakuu, mama yangu alinitazama kama mtu anayetazama samaki aliyelala tangu jana sokoni.

"Weye? Kila neno likipita kwako linatoka limevaa tai. Nataka niseme naye mwenyewe. Nifundishe."

Hapo ndipo utaalamu wangu ulipoingia.

Mama hana muda wa kusoma Kiingereza chote, na wageni walikuwa wanakaribia. Mtu mwingine angeanza na A, B, C, au angemkaririsha "good morning teacher". Mie nimekaa mapokezi miaka, nimesikiliza watu wa kila taifa, nikagundua kitu ambacho vitabu havikwambii. Kuna neno moja dogo linalobeba nusu ya maisha yao. Neno lenyewe ni "get".

Nikamwambia, "Mama, nakupa neno moja tu. Geti."

"Geti la wapi?"

"Si la mlangoni. Ni neno. Ukilijua hili utakula, utalala na utaelewana na mtu."

Nikaanza kumpa. Ukienda kuchukua maji, get. Ukipokea zawadi, get. Ukiamka, get up. Ukifika nyumbani, get home. Ukichoka, get tired. Ukikasirika, get angry. Ukipona maradhi, get better. Ukizeeka, get old. Ukiolewa, get married. Ukimwambia mtu aingie, get in, na ukifukuza kuku jikoni, get out. Mkipatana, get along. Hata ukimwelewa mtu unamwambia I get you.

Mama akaushika mkono wangu nisiendelee.

"Ngoja. Kuchota maji na kuolewa, neno moja?"

"Moja."

"Na kupona na kukasirika?"

"Hilohilo."

"Hawa watu masikini wa maneno," akasema. Kisha akafikiri, vidole vinaendelea na ukili. "Aa. Kama sisi na kupiga. Tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, na hakuna aliyepigwa. Hii ni piga yao!"

Wakuu, nimesoma na watu wenye diploma, hakuna aliyewahi kuliweka hivyo. Na huyo ndiye aliyenizaa, kwa hiyo msishangae nilivyo.

Tukawa tunasoma kila baada ya alasiri. Baba alikuwa akikaa pembeni anachambua karafuu, anatoa vikonyo huku anatikisa kichwa.

"Bi Raya," akamwambia Mama siku moja, "mie miaka yote hii hujanifundisha hata Kiarabu cha kusalimia."

"Weye hukuja kwa ndege," Mama akamjibu.

Siku ya siku nikawapokea uwanjani kwa gari yangu mwenyewe. Ilham mrefu, mwembamba, nywele zimesukwa, anasema "thank you" kwa kila kitu, mpaka kwa mbuzi aliyempisha njia. Mjomba mtu nimefanya kazi hotelini, lakini mtoto mwenye adabu kama ile sijapata kumwona.

Tulipofika, Mama alikuwa amesimama mlangoni amevaa baibui jipya. Nikaona midomo yake inacheza, anajikumbusha. Ilham akasimama mbele yake, hajui ampe mkono au amkumbatie.

Mama akasema, "You get here!"

Ilham akatabasamu. Mama akapata nguvu.

"You get tired? You get hungry? Get in, get in."

Halafu akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Akasema jambo ambalo mie sikumfundisha, kaliunda mwenyewe.

"You get my nose."

Ilham akainua mkono, akaigusa pua yake. Akaitazama ya Mama. Kisha akaigusa na ya Mama, taratibu, kwa kidole kimoja.

Zuwena ikabidi ajifanye anatafuta kitu kwenye begi. Mie nilikuwa nashusha mizigo, vumbi likaniingia machoni. Vumbi la Vitongoji mnalijua.

Siku za mwanzo zilikwenda kama asali. "Get chair." "Get bread." Mama anampakulia mkate wa kumimina, Ilham anakula, anasema thank you. Mama naye anasema thank you. Ilham anamshukuru kwa kumshukuru. Nyumba nzima tukawa kama tuko mapokezi ya hoteli kubwa, kila mtu anamwinamia mwenzake. Mie moyoni nasema, kazi yangu hiyo.

Zuwena alianza kuniambia kwamba Ilham ameuliza kuhusu skuli ya hapa. Kila mtu akaanza kuhesabu kuwa anabaki.

Sasa mnisikilize hapa, na hasa nyie ambao bibi zenu si wa pwani.

Huku kwetu bibi na mjukuu wa kike ni watani, ni wake wenza. Mume wao mmoja, ambaye ni babu. Mjukuu akizaliwa tu wa kike, bibi anaambiwa "umeletewa mwenzio", na tangu hapo ni kugombana mpaka mmoja afe. Bibi anamwita mke mwenzangu. Anamwambia ana miguu kama fimbo, hajui kupika, amekuja kumharibia nyumba. Mjukuu naye anajibu kwamba bibi hana meno na babu amemchoka. Watu wanacheka, chai inaendelea.

Wa kiume naye kwa bibi yake ni mume. Marehemu bibi yangu alikuwa akinidai matumizi nikiwa bado darasa la pili.

Na utani huu haufanyiwi mgeni. Mgeni anapewa heshima. Anayetaniwa ni yule ambaye ni wako kabisa.

Basi wiki ya kwanza ilipokwisha, asubuhi moja Ilham akampelekea Baba chai barazani, bila kutumwa. Akaiweka kwa mikono miwili. Baba akafurahi, akampigapiga kichwani, akamwambia, "Ahsante mke wangu."

Mama akatokea mlangoni. Mikono kiunoni. Macho ameyatoa. Jirani yetu Bi Mize alikuwepo, akajua linalokuja, akaanza kucheka kabla.

"You!" Mama akamwonyesha Ilham kidole. "You get my husband? No! I get him first! Get out! Get out my house!"

Sote tukaangua kicheko. Bi Mize alipiga makofi. Baba akavuta kikombe, akasema, "Jamani msinigombee, nipo."

Ilham hakucheka.

Alimtazama Mama, akamtazama Baba, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Kisha akapita pembeni ya Mama, kwa adabu ileile, akasema "sorry", akaingia ndani.

Tuliposikia kilio, kicheko chote kilikatika.

Mtoto yule alielewa kila neno, wala Kiingereza cha Mama hakikumkosesha chochote. Ila mchezo wenyewe kwao haupo. Huko alikotoka, bibi akikwambia toka nyumbani kwangu, basi unatoka.

Zuwena akatoka chumbani baada ya muda, macho mekundu.

"Kaka, anasema bibi hamtaki. Anauliza amefanya kosa gani na ile chai. Anataka kwenda kwao." Akakaa kwenye kigoda. "Nimekata shauri. Naondoka naye. Kozi nitaomba mwaka mwingine, wakinipa."

Nikamgeukia Mama. Alikuwa ameketi, ukili uko mapajani, mikono haisuki. Nilidhani atasema mtoto huyu kadekezwa. Wazee wengi wangesema.

Akasema, "Kwani huko hana wa kumtania?"

"Hana, Mama. Bibi yake wa huko yuko mbali, na hata akija hawana utani huo."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

"Masikini ntoto," akasema. "Miaka tisa watu wanamwambia thank you."

Akataka kuingia kumwomba radhi. Zuwena akamzuia, akasema mwache apoe kwanza. Mama akabaki anatazama pazia la chumba.

Sasa mnaweza kuuliza mie ningefanya nini. Wakuu, nimewahi kumtuliza mgeni aliyekuta chumba chake kimepewa mtu mwingine, na bi harusi wake yuko nyuma yake. Mtoto wa miaka tisa sikumwogopa. Ila nilijua siwezi kumtafsiria hili kama ninavyotafsiri sahani ya chakula.

Mchana nikamkuta chumbani, begi liko wazi kitandani, nguo zimekunjwa vizuri ndani. Nikakaa chini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nataka kumweleza kitu cha nyumba hii, akimaliza kusikia aendelee kufunga begi kama anataka.

Nikamweleza yote. Wake wenza, babu, miguu ya fimbo, meno. Nikamwambia juu ya bibi yangu na yale madai ya matumizi.

Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaanza maswali, moja moja, kama hakimu.

Akauliza, wajukuu wengine anawaambia hivyohivyo? Nikasema wote, na wengine vibaya zaidi.

Akauliza, na wiki yote ile alipokuwa mpole, alikuwa hanipendi? Nikasema alikuwa anakupenda, ila alikuwa hajajua kama utakubali kuwa wake. Leo ulipopeleka chai bila kutumwa, alidhani umekubali.

 Akaukunja mkono wa sweta lake, akaukunjua.

Kisha akauliza, "What do the others say back?"

Wanamjibu nini wale wengine.

Nikamwambia hilo siwezi kumfundisha. Kila mmoja anatafuta la kwake. Nikatoka.

Jioni Baba akarudi kutoka Chake. Mzee wangu si msemaji, na hili hakushauriana na mtu. Alikuwa na doti ya kanga, bado haijakatwa. Akakaa palepale barazani, akaomba mkasi, akaipasua katikati. Upande mmoja akampa Mama. Upande wa pili akauweka mapajani kwake, akaita.

"Ilham!"

Ilham akatoka. Zuwena nyuma yake.

Baba akamnyooshea ule upande wa kanga. Akasema kwa Kiswahili, na kwa utaratibu, kama anayetoa hukumu: "Mie ntu wa dini. Wake wawili, haki sawa."

Zuwena akamtafsiria sikioni. Ilham akaipokea kanga, akajifunga kiunoni juu ya suruali, ikaburuta chini.

Mama alikuwa amenyamaza. Tangu Zuwena alipomzuia alikuwa anaogopa kufungua mdomo, na mama yangu kunyamaza siku nzima ni jambo la kuitiwa daktari. Alikuwa ameshika upande wake wa kanga kifuani, anamtazama mtoto, anasubiri.

Ilham akaenda akasimama mbele yake. Akaweka mikono kiunoni. Kidole alikinyoosha sawasawa.

"Bibi," akasema. "You get old. I get Babu."



Mama akatoa ukelele uliomtoa Bi Mize kwake mbio, akidhani kuna msiba. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda, akakaa chini, mtandio umekwenda upande, anapiga mapaja, machozi yanatiririka. "Kanijibu! Mmemsikia? Kanijibu mshenzi huyu! Nke mwenzangu kanijibu!" Akamvuta Ilham kwa ile kanga mpaka akamwangukia mapajani. Akamshika huku anamtukana kwa Kipemba, matusi yote ya utani ambayo sisi wengine tuliyapata kuanzia tulipozaliwa, anampa miaka tisa kwa mkupuo. Na Ilham ambaye hakuelewa hata moja alikuwa anacheka, kichwa kimezama kifuani kwa bibi yake.

Mie nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia kama tangi la maji limejaa.

Lilikuwa limejaa.

Asubuhi Zuwena akaniita chumbani bila kusema kitu, akanionyesha. Begi lilikuwa tupu chini ya kitanda. Nguo za Ilham zilikuwa kwenye sanduku la Mama, zimechanganyika na kanga zake. Hakuna aliyemwambia azitoe.

Zuwena aliondoka peke yake. Uwanjani alilia yeye, mtoto hakulia. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akarudi akashika mkono wa Mama.

Kozi inaendelea vizuri, alhamdulillahi. Juzi Zuwena alipiga simu, mie nikiwepo. Ilham akaipokea, akasikiliza kidogo, akasema kwa Kipemba safi kabisa, "Mama, ngoja kwanza. Nke mwenzangu aniita." Akaiacha simu juu ya mkeka. Zuwena kule upande wa pili akabaki anasikiliza kuku.

Wakuu, nimejifunza nini?

Kwamba neno moja dogo linaweza kukuingiza katika lugha ya watu, na hilo mtu asiwadanganye, mbinu yangu inafanya kazi. Anayetaka kumfundisha mzee wake aanze na "get", aache mambo ya A, B, C. Lakini mtu akishaingia kwenye lugha, bado kuna jinsi watu wanavyopendana, na hiyo haimo kwenye neno lolote. Mtoto anahitaji wa kumshukuru, sawa. Anahitaji zaidi mtu wa kumgombeza kwa uongo na kumvuta mapajani kwa kweli. Nyie mlioko ng'ambo mnaolea watoto wenu kwa adabu tupu, watafutieni bibi.

Sasa na nyie leteni ya kwenu. Bibi yako alikuwa akikutania nini, na wewe ulimjibu nini? Watu wa bara pia karibuni, najua Wasukuma na Wazaramo mna utani wenu.

Ila wale walimu wa Kiingereza wa humu, ambao najua mmeshika kalamu nyekundu kwa ajili ya sentensi za mama yangu, nawaomba mkae. Sarufi ile mnayotaka kuisahihisha ndiyo iliyotubakishia mtoto nyumbani.